Sikio la Kushoto Lilikuwa Lako

Njoroge, ndugu yangu, mwenye bahati hata kaburini,

Sikuulizi hali. Huko uliko najua wameshakupenda. Umefika juzi tu, lakini sitashangaa nikisikia wamekutengea kiti cha mbele na kukupa banjo yenye nyuzi mpya, na wale waliokutangulia na magitaa yao wameambiwa wapige polepole ili wewe usikike. Ndivyo ilivyokuwa hapa chini. Sioni kwa nini huko juu iwe tofauti.

Mimi ningali hapa Sulay, Riyadh, soja wa kulinda lango la ghala la mazulia. Joto limerudi, vumbi halikuondoka. Nimekaa juu ya rundo la mazulia ambayo yamekosa mnunuzi tangu ulipokuwa hai, nakuandikia mchana huu ambapo malori hayaingii na wapakiaji wamelala kivulini.

Nina wivu, Njoroge. Mara kadhaa nimeanza barua hii kwa neno huzuni, nikalifuta. Si kwamba huzuni haipo. Ipo, na kuna siku inanifanya nisahau kufungua lango. Lakini kila nikikaa kukuandikia, wivu ndio unaoshika kalamu kwanza, na wewe unanijua. Nikikuficha utacheka tu.

Tuanze na banjo. Nani alikufundisha muziki? Si mimi? Pale kanisani kwetu Kinangop, kwenye lile benchi la nyuma, wewe kushoto, mimi kulia, gitaa la marehemu babangu likiwa na nyuzi tano badala ya sita. Vidole vyako vilikuwa vigumu kama karoti. Nilivishika kimoja kimoja nikavipeleka mahali pake. Na Jumapili redio ya kwenu ilipopiga kantri, mimi ndiye niliyekuambia kwamba ile yenye banjo na fidla, inayokimbia kama mtu aliyeona basi linaondoka, inaitwa blugrasi. Wewe ulikuwa unaiita "ile ya haraka."

Kisha ajenti aliyetutafutia kazi Saudia akatugawa. Mimi Riyadh, wewe Jeddah. Mimi vumbi, wewe upepo wa bahari na nyumba kubwa ya Aziziya, dreva wa kupeleka watoto wa bosi shule. Na hata kabla hujazoea barabara za huko, mtoto mkubwa wa kafili wako, yaani bosi aliyekudhamini, akarudi kutoka masomoni Marekani na banjo aliyokuwa ameichoka. Akakuona unaitazama. Akakuambia, "Yalla, dreva, chukua." Hivyo tu. Sikukuu iliyofuata, kafili wangu naye alinikumbuka. Alinipa katoni ya tende. Nilikula zikaisha.

Siku uliyonitumia ujumbe wa kwanza wa banjo nilikuwa nimeegemea lango hapa. Nilisikiliza hadi mwisho, nikarudia tena. Ulikuwa umenipita. Mwalimu anaambiwa afurahi mwanafunzi akimpita, lakini waliosema hivyo hawakuwa walimu wako. Nilikujibu, "Si mbaya." Wewe ukanirudishia, "Asante, mwalimu," na nikajua kabisa kwamba ulimaanisha, na hilo likaniuma zaidi.

Halafu "Umande." Maneno yale ni yangu, Njoroge. Niliyatunga nikimwagia maji mbele ya lango ili vumbi lilale, maji yakikauka kabla sijarudisha mpira kwenye bomba:

Nitumie umande wa nyumbani,
uutie kwenye chupa ya soda,
uufunge na jani la kabichi,
ufike kabla jua halijauona.

Niliyaandika mimi, ukayaimba wewe, na tangu siku hiyo kila aliyeyasikia anasema, "Huyu mwimbaji ametunga kutoka moyoni." Moyo gani? Wewe ulikuwa na AC hadi chumbani!

Lakini nakiri, ulilipia. Ile AC ya gari uliizima, kwa sababu upepo wake uliingia kwenye simu na kuharibu rekodi. Ukawa unaegesha gari la bosi kando ya ukuta wa shule, kabla ya saa ya watoto kutoka, unafunga vioo, unazima injini, unaimba ubeti mmoja, unafungua mlango upumue kama samaki, unafunga tena. Mwishoni mwa rekodi ile nzuri, kengele ya shule inalia, unasema "Halas, basi," na unacheka. Ukanitumia. Mimi hapa nikajipenyeza katikati ya mazulia yaliyosimamishwa, maana yanameza mwangwi wote, nikaweka gitaa langu na sauti ya pili juu ya kazi yako.

Na ile desturi ya blugrasi hukuisahau, kwamba mwimbaji humwita mwenzake kwa jina ili naye apige peke yake, wengine wakimshikia. Ukiwa mtu mmoja ndani ya gari la watu, jasho likikutoka, uliita kwa sauti kubwa: "Haya, Gitau!" Kisha ukaishusha banjo, ukaitembeza polepole, ukaniachia nafasi. Nami nikiwa Riyadh, mwendo wa kutwa nzima kwa gari kutoka ulipokaa, nikaijaza.

Tulikubaliana tutaiweka sawa tukipata nafasi. Nafasi ndiyo hiyo hatukuipata. Moyo wako ulisimama kwenye gari lile lile, kando ya ukuta ule ule, watoto wakiwa bado darasani. Watu wanasema ulikuwa umekaa vizuri, mikono mapajani, kama mtu anayesikiliza.

Sikukuzika. Kafili wangu nilimwomba ruhusa nikiwa nimesimama, nikamwomba nikiwa nimepiga magoti. Jibu lilikuwa moja: mafi, hakuna. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, iko kwake, pasipoti iko kwake, nami nilikuwa kwake. Ukaenda nyumbani ndani ya sanduku, ukapokelewa na kijiji kizima, na mimi nikafungulia lori la zulia lango. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika mazishi ya rafiki yangu wa pekee, mimi na langu hatukuwepo.

Ndipo mama yako akanipigia. Alisema, "Gitau, siku ya kuweka msalaba kaburini nataka ule wimbo wenu. Uutengeneze vizuri, wapige kwa spika za hema, watu wasikie. Wewe huwezi kuja, basi uje kwa gitaa." Nilimwambia ndiyo, Mama. Unaelewa sasa uzito wa jambo lenyewe. Huo wimbo ndio uliokuwa miguu yangu. Nisiposikika humo, sikuja.

Nilinunua kompyuta ya mitumba, nikaweka programu ya bure ya kuchanganya sauti, nikakaa hapa juu ya mazulia na hedifoni kubwa masikioni. Programu inakuwezesha kumweka kila mtu upande wake. Nilifumba macho nikaliona lile benchi la kanisani. Nikakuweka ulipokuwa unakaa siku zote: banjo yako na sauti yako, vyote kushoto. Mimi, gitaa na sauti ya pili, vyote kulia. Nilipobonyeza kusikiliza, nililia, sikufichi. Ulikuwa umekaa hapo pembeni yangu. Nilikaribia kukusukuma kwa kiwiko.

Nikautuma kwenye kile kikundi chetu cha simu, Wapenzi wa Kantri. Nilikusimulia, ingawa hukujiunga: mayaya wa majumbani, madreva, masoja, wafagiaji wa maofisi ya Olaya hapa Riyadh, Wakenya watupu. Mle hakuna anayetumia jina lake, kila mtu huitwa kwa pahali pake. Mimi ni Soja Sulay. Niliandika: "Tulikuwa wawili, mmoja ametuacha. Wimbo utapigwa kaburini. Nipeni maoni ya kweli, msinibembeleze."

Hawakunibembeleza. Maoni yalimiminika, na yote, Njoroge, yote yalikuwa yako.

"Huyo wa banjo ni moto!" "Sauti hiyo, haki, nimekumbuka shosho na hadithi zake." "Mwambie jamaa aimbe ingine." Mfagiaji mmoja wa Olaya aliandika kwamba banjo inanyesha kama mvua ya kwetu kwenye mabati. Kuhusu gitaa, kimya. Niliuliza kwa ujanja, "Na vyombo vingine mnavionaje?" Mmoja akauliza, "Vyombo gani?" Kulikuwa na dreva wa lori mmoja tu aliyenitaja, naye aliandika hivi: "Gitaa tamu sana, na huyo mwitikiaji pia. Mwimbaji mwenyewe anaingia lini?" Nikajua ananikejeli. Sikumjibu.

Basi nikapandisha gitaa. Nikatuma tena. Wakasema banjo imezidi kuwa tamu. Nikapandisha tena. Wakasema hivi ndivyo inavyotakiwa, usiguse kitu. Nikapandisha hadi taa ya programu ikawa nyekundu na hedifoni zikaanza kukoroma, gitaa likawa linapiga kelele kama mtu aliyefungiwa nje, na watu wale wakaniambia, "Soja, hiyo banjo ni ya kutuliza roho."

Nilivua hedifoni nikazitupa zuliani. Nilikutukana, Njoroge. Nilisema kwa sauti, peke yangu ghalani, kwamba hata ukiwa umelala chini ya udongo bado unanifunika. Mama yako mwenyewe aliniambia nije kwa gitaa, na wewe umekaa mlangoni.

Katika wale wote alikuwepo mmoja aliyenisaidia kikweli. Jina lake, alilonipa faraghani, ni Nekesa, yaya, mtu wa Kimilili. Naye yuko Jeddah, Aziziya hiyo hiyo yako, ingawa hamkuwahi kuonana. Maoni yake huja kwa sauti ya chini, maji yakimwagika nyuma au pasi ikipumua. Aliniambia mwanzo ni mrefu, "mtu anamaliza kanzu nzima ya bosi kabla wimbo haujaanza, kaka." Nikakata. Aliniambia kuna mahali unapotamka "soda" sauti inachoma sikio. Nikapalainisha. Nilipotaka kuitoa ile kengele ya shule mwishoni, alinikataza. "Wacha kengele. Mimi niko na watoto nimewaacha. Ikilia hivyo najua wametoka, wanaenda nyumbani." Nikaiacha. Kwa hiyo nilipokuwa nimekasirika kabisa, ni yeye niliyemwandikia faraghani: "Nekesa, niambie ukweli. Gitaa lina kasoro gani?"

Akanijibu baada ya chakula cha mchana cha kwao. Maneno yake nimeyasikiliza mara nyingi hadi nimeyakariri:

"Soja, gitaa sijaskia mimi. Lakini kuna kitu nimeogopa kukuuliza. Pale katikati jamaa anaita, 'Haya, Gitau!' Alafu hakuna mtu. Banjo inatembea tu polepole, kama inangoja mtu mlangoni. Anangoja, anangoja, mtu hatokei, alafu anaanza kuimba tena peke yake. Kaka, hapo nimelia nikipiga pasi mpaka madam akaniuliza kama nimeungua. Gitau ndiye huyo aliyekufa, sio? Pole sana. Huyo mwenye kuimba alimpenda."

Nilikaa chini. Kwa bahati hapa kila mahali ni zulia.

Nilirudi kikundini nikauliza, kana kwamba najua nauliza nini: kati ya wale wawili, mnadhani nani ameaga? Majibu yakaja kama watu waliokubaliana. Gitau. Gitau, Mungu amlaze pema. Gitau, nimemuombea kila nikisikia wimbo. Yule wa Olaya akaandika kwamba hajawahi kusikia mtu akimwita maiti wake kwa upole namna ile.

Ngoja nikuambie kitu, maana nani mwingine nitamwambia? Kwa dakika chache nilifurahi. Nilililiwa, Njoroge! Watu wasionijua walikuwa wamesimama jikoni mwa watu wakinililia mimi, soja wa Sulay, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Niliyapokea kama zawadi ya sikukuu. Kisha nikafikiri vizuri, furaha ikanitoka. Hawakuwa wakilia kwa ajili yangu. Walikuwa wakinililia kwa sababu wewe uliniita vizuri. Hata kifo changu kilikuwa wimbo wako.

Lakini gitaa lilikuwa limeenda wapi? Nilimuuliza Nekesa anatumia nini kusikiliza. Akacheka. "Na iafoni, si nini? Moja tu, ya kushoto, ndani ya hijabu. Hili sikio la kulia ni la madam. Akiita nisiposikia, leo nitalala nje." Akaongeza kwamba wenzake wote ndivyo wanavyofanya, na yule aliyekatikiwa na waya hana hata la kuchagua.

Hapo ndipo kila kitu kilinijia kwa pamoja. Nchi nzima hii, watu wetu wanasikiliza kwa sikio moja. Lingine wameliacha kwa mwenye nyumba. Yaya anamwachia madam, dreva anamwachia bosi aliye kiti cha nyuma, mfagiaji anamwachia msimamizi. Mimi peke yangu, mlinzi wa mazulia yasiyoita mtu, ndiye niliyekuwa na masikio mawili ya kujivunia. Niliwakalisha kwenye benchi letu la kanisani, wakati wao walikuwa na nusu ya benchi tu, na nusu hiyo uliikalia wewe. Ndiyo maana nilipandisha gitaa weee, na wao hawakusikia hata unyayo. Na yule dreva wa lori masikini hakunikejeli. Yeye sikio lake la kushoto liko dirishani, anatumia la kulia, na kwake wewe ndiye hukutokea. Nilimwandikia kumwomba radhi. Akajibu, "Usijali. Lakini huyo mwimbaji ataingia?"

Nikavaa hedifoni tena, nikaondoa ile ya kulia. Nikasikiliza kama Nekesa.

Njoroge, sikujua. Katika muda wote huo sikuwahi kukusikia peke yako, kwa sababu siku zote nilikuwa nikijisikiliza mimi. Kiti kinalia ukisogea. Unameza mate kabla ya ubeti wa mwisho. Halafu unaita, "Haya, Gitau!", kwa furaha ile, kana kwamba nimekaa hapo kwenye kiti cha abiria. Kisha kimya, na banjo yako inatembea taratibu. Na katikati ya kimya kile unasema neno dogo ambalo gitaa langu lilikuwa limelifunika kila mara. Unasema, chini kwa chini, "Tamu hiyo." Ulikuwa unasifu nini? Nilikuwa sijapiga bado! Gari lilikuwa tupu na moto kama tanuri. Uliniita, ukaningoja, na ukanisifu kabla sijafika.

Na mimi nilikuwa nimekujibu, "Si mbaya."

Sitaki kusema mengi hapo. Nitasema tu kwamba wivu haukuisha. Ulibadilika ladha. Zamani nilikuonea wivu kwa vidole na sauti na upepo wa Jeddah. Siku hiyo nilikuonea wivu kwa sababu wewe hukuwa nao.

Niliwatangazia kikundini: Gitau ni mimi. Jikoni za Aziziya zilicheka kwa sauti za kubanwa. Mmoja aliandika, "Soja, ulikuwa umekufa na unauliza maoni?" Mwingine alitaka machozi yake yarudishwe. Walipomaliza kunitania wakaanza kukulilia wewe, upya, na wakakulilia zaidi. Nilitegemea nini?

Kisha tukafanya kazi. Nikatuvunjia benchi, nikatuweka wote katikati ili sikio lolote litupate sote. Hapo ikawa vita, maana gitaa nililokuwa nimelipandisha kwa hasira lilikumeza mzima mzima. Nekesa alisikia sekunde chache akanitumia ujumbe mfupi kuliko yote: "Umemuua tena. Shusha." Nikashusha. "Bado." Nikashusha. Akasema sasa tunagombania mlango mmoja, sauti zetu zimekaa pahali pamoja, mmoja apishe. Nikapunguza uzito wa sauti za chini kwenye gitaa ili banjo yako na sauti yako zipite, nikakuacha uwe mbele kwenye beti zote. Iliniuma, sikatai. Lakini ulipoita jina langu, pale niliinuka. Pale nilijipandisha bila haya, na nikaichimbia nafasi ile "Tamu hiyo" yako ili ibaki ikisikika kati ya noti zangu. Kila anayeisikia sasa anadhani ulisema ukinitazama nikipiga.

Nekesa alisikiliza ya mwisho akipanga viatu vya watoto wa bosi. Kwenye ujumbe nilisikia kwanza kiatu kikiwekwa chini. Akasema, "Sasa ameitikiwa." Nikasubiri. Nilijua kuna lingine linakuja. "Na huyo Gitau kumbe ako sawa," akasema. "Lakini yule mwingine ndiye anaimba."

Wimbo ulipigwa Jumamosi iliyopita. Hema lenyewe, kama unavyojua mambo ya kwetu, lilikuwa na spika mbili na moja haikufanya kazi. Mtu wa mitambo aliunganisha waya mmoja akasema inatosha. Nilipoambiwa nilimshukuru Mungu na Nekesa kwa pamoja. Kama ningeliacha lile benchi lilivyokuwa, ungeniita mbele ya kijiji kizima na mbele ya mama yako, na nisingeitika.

Mama yako alinitumia ujumbe jioni. Sauti yake ilikuwa imechoka lakini haikuwa imevunjika. Alisema baridi ilikuwa kali na ukungu uliingia hadi ndani ya hema. Alisema msalaba umekaa wima. Kisha akasema, "Njoroge alipokuita, Gitau, watu waligeuka nyuma. Wote, hata mchungaji. Walidhani umefika, wakakutafuta mlangoni. Mimi pia niligeuka. Alafu gitaa likaingia, nikajua umekuja."

Nimeusikiliza ujumbe huo kwa sikio la kushoto, nikausikiliza kwa la kulia, ni ule ule. Waligeuka kunitafuta mimi. Hilo hutaninyang'anya. Ingawa mama yako, kabla hajakata, aliongeza kwamba vijana waliomba wimbo urudiwe, na waliporudia walitaka waanzie pale kwenye banjo.

Sasa nikuage. Lori limepiga honi nje, na wapakiaji wameanza kuamka.

Pumzika, mwanafunzi wangu. Nitakapopata ruhusa nitakuja Kinangop, nitakaa kushoto kwako, na kwa mara moja wewe ukae upande wangu. Tena nakuahidi jambo. Nimeanza wimbo mwingine. Maneno ni yangu, na safari hii naimba mimi mwenyewe, watake wasitake. Lakini katikati, mahali pa mwenzangu kupiga peke yake, sijaweka gitaa wala kitu chochote. Nitaita, "Haya, Njoroge!" Nitalishusha gitaa, nilitembeze polepole, nikungoje kama ulivyoningoja kwenye gari lile. Na nitasema "Tamu hiyo," kabla sijasikia kitu.

Usipoitika, angalau nitasikika peke yangu mara moja katika maisha haya.

Lakini jaribu kuitika.

Mwalimu wako,
Gitau